Umeona au Umesikia?

Kama hukuwahi kumsikia Maximilla Apiyo akitafsiri, basi ulifika Kisumu umechelewa, pole yako. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, lakini sauti! Akisema "amani iwe nanyi" pale Otonglo, nje ya mji, mtu wa ng'ambo ya barabara alijibu.

Alianzia kanisani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mhubiri mmoja wa Nairobi alipokuja kufanya mkutano wa injili. Mkalimani aliyepangwa, mzee mmoja wa kanisa, alikuwa amekauka koo kwa kuimba tangu asubuhi. Pasta akaangaza macho huku na huku, yakamwangukia msichana wa kwaya aliyekuwa amemaliza shule majuzi tu.

"Wewe, unajua Kiingereza?"

"Kidogo, Pasta."

"Njoo hapa."

Kidogo gani hicho, yawa! Mhubiri akiinua mkono, Maximilla ameshainua. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona, na Kijaluo chake kinafika hadi kwa wale waliokaa juu ya ukuta. Mhubiri alipopiga magoti vumbini na suti yake, Maximilla alipiga magoti na sketi yake ya Jumapili. Watu wakasahau nani anahubiri na nani anatafsiri. Kuanzia hapo hapakuwa na mkutano wa injili, iwe Muhoroni kwenye miwa au huku kwetu ziwani, bila yeye kuitwa.

Yule mzee hakuona wivu. Alimwita kando akamwambia, "Binti yangu, mkalimani hana maneno yake mwenyewe. Ukiongeza lako, umeiba. Ukipunguza, umeiba pia." Maximilla akalishika neno hilo kama amri za Mungu. Nasema vibaya, alilishika zaidi, maana amri za Mungu sote tunajua tunavyozishika.

Akaolewa na Nicodemus, dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa mzaha mwingi aliyepeleka chumvi, sabuni na mabati hadi Kampala na Kigali. Boma lao lilikuwa nje kidogo ya Otonglo. Mama mkwe, Mama Dorca, mjane, alimwita Nyar Sakwa, yaani binti wa Sakwa, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa, na Wajaluo huwaita wake zao kwa jina la kwao. Mama Dorca hakujua Kiswahili cha maana wala Kiingereza, na wala hakuona amepungukiwa na nini.

Sasa tuje kwa Abeid. Abeid alikuwa na hoteli karibu na soko la Kibuye, hoteli ya chai, mandazi na pilau, na mkewe Zeituni ndiye aliyeshika jiko. Mwaka wa tisini na moja ndugu yake aliyefanya kazi Uarabuni alimletea televisheni na dishi. Dishi lilipowekwa juu ya mabati lilikuwa kubwa hata majirani wakamwuliza kama anavuna maji ya mvua. Likanasa stesheni moja ya ng'ambo ambayo kazi yake ilikuwa habari tu, asubuhi hadi asubuhi. Watu wakajaa. Wauza mitumba, mafundi wa baiskeli, akina mama wa samaki, wote wakaketi na chai zao wakitazama midomo ya wazungu ikienda mbio, wasiambulie kitu.

Kwanza alijaribu Mwalimu Wepukhulu, mwalimu mstaafu. Huyo alitafsiri sentensi moja akaongeza nne za kwake. Vita vilianza kule vikaisha, yeye bado yuko kwenye historia ya Waturuki. Abeid akachoka, akamwita Maximilla. Ujira wake ukawa chakula cha jioni na kitu kidogo mwisho wa wiki.

Lazima ujue redio yetu siku hizo ilivyokuwa. Ilikuwa na adabu nyingi kuliko habari. Mkubwa ameondoka, mkubwa amefika, mkubwa amepokewa kwa nderemo, na sasa tupate muziki. Kwa hiyo ile stesheni ya Abeid ilikuwa maji baridi kwa watu wenye kiu. Mtangazaji alisimama pale pale jambo lilipotokea, nyuma yake moshi, akataja mahali, akasema hili nimeliona, hili nimeambiwa na fulani. Siku moja alisema, "Hilo sijui." Wacha we! Mtu kavaa tai, mbele ya dunia nzima, anasema sijui! Maximilla alilitafsiri neno hilo polepole, kwa heshima, na hoteli nzima ikatikisa kichwa.

Kuharibika kwa ile stesheni hakukuja siku moja. Kwanza waliongeza muziki wa kutisha kabla ya taarifa, hata kama taarifa yenyewe ni ya bei ya ngano. Kisha ukaja utepe mwekundu wa habari motomoto, ambao ulikuwa motomoto asubuhi, motomoto mchana, na jioni bado ni ule ule. Kisha wakaletwa mabwana wawili mezani, kazi yao kubishana. Wala hawakuwa wametoka popote, hawakuwa wameona chochote, walibishana tu. Maximilla alilazimika kuwa wote wawili. Alikuwa akikaa kiti cha kulia anafoka, anahamia cha kushoto anajifokea. Watu walicheka hadi chai ikawatoka puani.

Halafu wakaja mbwa.

"Mbwa huyu," Maximilla akatafsiri jioni moja, uso mkavu, "ni wa tajiri mmoja. Leo ametimiza miaka mitano. Amekatiwa keki."

Zeituni akatoa kichwa jikoni. "Keki ya mbwa? Maxi, nenda nyumbani ukalale, umechoka."

"Zeituni, mimi nasema wanachosema."

"Na wewe unawakubalia?"

"Sikuajiriwa kukubali."

Mwalimu Wepukhulu aliitetea ile stesheni. Alisema kitu kinachotoka kwenye satelaiti, juu kule, hakiwezi kuwa upuuzi, lazima kuna maana ambayo sisi hatujaiona. Watu wakaitafuta maana ya keki ya mbwa hadi wakaacha. Maximilla alicheka nao, lakini akitembea kwenda nyumbani alikuwa anahisi uchovu wa ajabu mdomoni, ule wa mtu aliyetafuna pumba.

Mwaka wa tisini na nne, Jumatatu ya Pasaka, Nicodemus alikula nyumbani, akamtania mama yake kuhusu chumvi ya mboga, na asubuhi yake akaondoka na shehena ya sabuni kwenda Kigali. Wiki hiyo hiyo Rwanda ikalipuka.

Maximilla alisimama mbele ya televisheni ile jioni baada ya jioni, na sijui alipata wapi sauti. Ile stesheni ilisema ni makabila, ati wana desturi ya kupigana, ikaishia hapo. Haikusema nani anaua nani, wala barabara ipi imefungwa. Kisha jioni moja ikaonyesha uwanja wa ndege wa Kigali, na mtangazaji akatamka wazi: wageni wote nchini humo wameshaondolewa, wako salama.

Maximilla aliinua mikono yote miwili. "Wageni wote wameondolewa! Wako salama!"

Hoteli ililipuka. Abeid alipiga meza, "Alhamdulillahi!" Pilau ikagawiwa bure, na Abeid si mtu wa kugawa bure. Maximilla alikimbia hadi nyumbani akamkuta Mama Dorca amekaa gizani, akamkumbatia na kumwambia mwanawe katoka. Jogoo akachinjwa. Jumapili yake kanisani wakatoa shukrani, Mama Dorca akacheza mbele ya madhabahu na magoti yake yale mabovu.

Hebu tuseme ukweli, wewe ungewaza vingine? Mkenya akiwa Kigali si mgeni? Ana pasipoti, ana lori lenye namba za kwetu. Lakini ile stesheni haikuwa imepiga hatua moja nje ya uwanja wa ndege. Iliona wazungu wakipanda na masanduku yao, wengine na mbwa wao, ikafunga hesabu. Madereva wa Kenya na Uganda waliokwama barabarani na malori yao hawakuwa kwenye hesabu hiyo, kwa sababu hakuna aliyeuliza habari zao.

Aprili ikaisha, Nicodemus hakuja. Stesheni ikahamia kwenye ndoa ya mwigizaji mmoja iliyovunjika. Mei zikaja habari ambazo hazikuhitaji dishi, kwamba mto Kagera unaleta maiti za Rwanda hadi ndani ya ziwa, upande wa Uganda. Samaki wakaoza sokoni Kibuye, hakuna anayenunua. Mama Dorca naye aliacha kula samaki.

Ndipo Mzee Absalom, ndugu wa marehemu baba yake Nicodemus na mkubwa wa ukoo, alipoitisha kikao. Kwetu Wajaluo, mtu aliyepotea na mwili wake haukupatikana huzikwa hata hivyo. Hutafutwa yago, lile tunda refu zito la mwegea, likafungwa blanketi, likalazwa kaburini mahali pake, na watu wakamlilia. Hapo roho yake inatulia na jamaa zake wanatulia. Lakini yago likishafukiwa, mambo yamekwisha. Hata mtu akitokea kesho yake na miguu yake miwili, ni maiti anayetembea. Lango la boma hataingia, na mkewe ni mjane.

"Jumamosi ya mwisho ya Juni," Mzee Absalom alisema. "Tusimwache mtoto wetu akitangatanga."

"Mzee, nakuomba, tungoje," Maximilla akasema. "Hatujui."

Mzee akamtazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Binti yangu, habari zako tulizila mwezi wa nne. Hadi leo tumbo linatuuma."

Maneno yalitoka kinywani mwake kweli. Hakuongeza, hakupunguza, alitafsiri sawasawa kama alivyofundishwa, na kwa usawasawa huo akamchezesha mama wa watu madhabahuni bure. Usiku huo alilia kwa aibu zaidi ya huzuni.

Jumamosi moja katikati ya Juni hoteli ilikuwa imejaa. Maximilla alisimama mahali pake akiomba moyoni watamke Rwanda, hata mara moja. Wakaonyesha gari. Gari jeupe la tajiri mmoja wa Marekani, nyuma yake polisi, kwenye barabara pana. Lilikuwa limeonyeshwa tangu asubuhi na lilikuwa linaonyeshwa tena, na wale mabwana wawili wakilieleza.

"Gari linaenda," Maximilla akatafsiri.

Watu wakasubiri.

"Gari bado linaenda. Polisi wako nyuma. Huyu anasema linaenda polepole. Huyu anasema, naam, ni polepole."

"Sasa limefika wapi?" fundi mmoja akauliza.

"Bado linaenda."

"Dereva ameiba nini?"

"Hawajasema. Wanasema watu wengi wanalitazama. Wanasema sisi tunalitazama." Akasogea karibu na kioo. "Gari linaenda. Gari..."

Akanyamaza. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona akinyamaza mtu wa kwenye kioo akiwa bado anasema. Akageuka, akanyoosha mkono, akazima sauti ya televisheni. Gari likaendelea kwenda kimya kimya.

"Maxi, vipi?" Abeid akaruka kutoka kwenye kaunta. "Wateja hao!"

"Abeid, ndugu yangu, nisamehe. Malori ya watu wetu yako barabarani pia, na hakuna anayeuliza yamefika wapi. Nimechoka kuwa mdomo wa watu wasiouliza." Akawageukia wateja. "Nani hapa ametoka mbali leo?"

Wawili watatu waliamka wakaondoka wakilalamika kuwa wamekuja kutazama gari. Kisha mkono ukainuka kwenye kona. Alikuwa Hassan, dereva kijana wa hapa hapa mjini, anayechukua mahindi ya msaada bandarini Mwanza na kuyapeleka Ngara, huko Tanzania walikokimbilia Wanyarwanda. Alikuwa ameshuka kwenye meli mchana ule.

Kwao Maximilla, kule Sakwa, mgeni aliyetoka mbali haulizwi kitu mlangoni. Anapewa kiti, anapewa maji, anaachwa apumue. Kisha ndipo anapoambiwa, haya, tuambie njia, naye anaanza pale alipofunga viatu. Ndivyo alivyomfanyia Hassan. Alimletea maji, akasimama kando hadi bilauri ikawa tupu.

"Haya, Hassan. Tuambie njia."

Hassan akaanza. Alisema meli iliondoka saa ngapi na barabara ilivyo. Akasema habari za ule umati wa Ngara, watu wengi hata mwisho hauonekani, na akina mama wanaopika kwa kuni mbichi. Kisha akasema, "Na kuna malori ya Kenya yaliyovuka daraja la Rusumo, pale mpakani, mwezi wa nne. Nasikia kuna dereva wa hapa kwetu aliugua sana, wanamwita Niko."

Mwalimu Wepukhulu alisimama na kofia yake hewani. "Yu hai! Niliwaambia!" Watu wakaanza kupiga makofi, Zeituni akatoka jikoni na kigelegele mdomoni.

"Nyamazeni!" Maximilla alipiga kelele, na ile sauti yake unaijua. Zeituni akakimeza kigelegele. Maximilla akainama mbele ya Hassan. "Hassan, mdogo wangu. Umeona au umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Kwa nani?"

"Muuza chai mmoja pale Ngara."

"Yeye alimwona?"

Hassan akainamisha macho. "Sikumwuliza."

"Basi hatujui," Maximilla akasema. Akajifuta machozi na kanga. Kila kiungo chake kilitaka kukimbia nyumbani na neno hilo, limzuie Mzee Absalom, lirudishe kicheko cha Mama Dorca. Hakukimbia. "Unarudi lini?"

"Meli ikipakia."

"Nenda ukaone kwa macho yako. Ukimkuta, muulize ana neno gani la mama yake ambalo wewe huwezi kulijua. Usiniletee furaha, Hassan. Niletee ulichoona."

Kesho yake alimwendea Mzee Absalom akamwambia wazi kwamba kuna jambo amesikia lakini halijaonwa, akamwomba angoje meli irudi. Mzee akasema watu wameshaalikwa na ng'ombe ameshanunuliwa. Akasema tena, kwa upole, "Umesikia. Mwezi wa nne pia ulisikia."

Na jioni, kwa kuwa mtu akikaa bure atapasuka, Maximilla alirudi hotelini. Televisheni ikaachwa iwake bila sauti. "Nani ametoka mbali?" Mtu wa Muhoroni akaeleza trekta la miwa lililoziba barabara na njia ya kulizunguka. Aoko, muuza samaki, akaeleza samaki wake wamevuliwa wapi, na nani aliona nyavu zikitolewa, akamleta mvuvi mwenyewe. Jioni hiyo baadhi ya watu wakanunua samaki. Aliyeleta la kusikia aliambiwa bila kusutwa, "Asante. Nenda ukaone, kesho utuambie." Mwalimu Wepukhulu alinuna siku chache, kisha akahamia kiti cha mbele, na kumbe hakuna aliyekuwa mkali kuliko yeye. Mtu hajamaliza sentensi, Mwalimu ameshauliza, "Ulisimama wapi ulipoona?" Abeid naye, aliyedhani wateja watakimbia, akaongeza mabenchi.

Jumamosi ya mwisho ya Juni ikafika, meli haijafika. Kaburi lilikuwa limechimbwa upande wa kulia wa nyumba ya Nicodemus, kama inavyopasa. Yago lilikuwa limefungwa blanketi jipya, limelazwa kwenye mkeka. Mama Dorca aliketi kando yake bila kulia, mkono wake juu ya blanketi, akilipapasa polepole. Maximilla alipoona mkono ule alikwenda kando akaitazama barabara.

Pasta alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo wakati pikapu ya Abeid ilipoingia lango kwa vumbi na honi. Honi matangani! Wazee wakasimama na bakora. Akashuka Abeid, akashuka Zeituni, Mwalimu Wepukhulu akaanguka badala ya kushuka, na mwisho Hassan, nguo zikiwa zile za melini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Maximilla alimtazama usoni asisome kitu. Alitaka kumkamata shingo. Badala yake aliingia ndani akachota maji, akarudi nayo, nusu imemwagika njiani. Hassan akanywa. Boma zima likamtazama koo likipanda na kushuka.

"Wazee," Maximilla akasema, "leo mimi sina habari. Mwenye habari ni huyu. Atasema kwa Kiswahili, nami nitaweka kwa Kijaluo, neno kwa neno. Mwulizeni mpendavyo."

Mzee Absalom akamtazama kijana. "Umeona au umesikia?" Hata yeye! Ilikuwa imefika hadi Otonglo.

"Nimeona," Hassan akasema.

Maximilla akafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Akajaribu tena. Likatoka dogo, kama la mtoto, na akina mama wote wa mbele wakalishika.

Hassan akaeleza kwa mpangilio. Alimkuta kwenye hema la wagonjwa. Lori lilichomwa, Nicodemus alivuka daraja kwa miguu akiwa na watoto wawili ambao si wake, kisha homa ya matumbo ikamlaza. Sasa ameinuka lakini ni mifupa, anatembea na fimbo, na bila karatasi zake hawamruhusu kupanda meli. Ametuma ujumbe kwa madereva zaidi ya mara moja, na hakuna uliofika.

"Akina Nicodemus ni wengi," Mzee Absalom akasema. Hakuwa mbishi bure. Alikuwa na kaburi wazi na ukoo mzima nyuma yake.

"Kweli, Mzee. Ndiyo maana alinipa maneno ya Kijaluo nimletee mama yake. Mimi Kijaluo sikijui vizuri. Nimeyasema njia nzima nisiyapoteze." Hassan akafumba macho, akayatamka kwa lafudhi ya kuchekesha, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani: "Mama, yule kuku wako mweusi hakuchukuliwa na mwewe. Nilimwuza Kibuye nikaenda kutazama mpira."

Mama Dorca akaondoa mkono wake juu ya blanketi.

"Nilijua!" akapiga kelele, akasimama bila kushikwa. "Nilijua si mwewe! Mwaka mzima namrushia mwewe mawe! Mwizi! Mwizi mkubwa! Mwanangu yu hai!" Akalipiga teke lile yago likabingirika na blanketi lake jipya hadi miguuni mwa pasta, na Zeituni, aliyekuwa amebana kigelegele tangu katikati ya mwezi, akakiachilia.

Likabaki shimo. Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, linaweza kumwita mwingine. Mzee Absalom mwenyewe, kwa heshima yake, alivua koti, akang'oa mgomba mchanga na kitako chake, akaulaza ndani, akafukia. Kisha akamwendea Maximilla. "Nyar Sakwa," akasema, "wakati mwingine ukiniambia ningoje, nitangoja." Ng'ombe aliliwa hata hivyo.

Kuzipata karatasi za Nicodemus kulichukua muda, na Abeid na Mwalimu waliandika na kusafiri hadi walipopata. Hotelini dishi lilibaki kwa ajili ya mpira. Miaka iliyofuata, mtu akifika Kisumu kutoka mbali, makondakta wenyewe walimwelekeza kwa Abeid akanywe maji ya bure na kusema njia. Na zipo jioni Maximilla aliposimama mbele ya watu wote akasema, "Hilo sijui," watu wakaenda nyumbani wameridhika.

Nicodemus alirudi mwezi wa Septemba, mchana, bila kutangulizwa na habari yoyote. Maximilla alikuwa anaanika nguo, Mama Dorca ameketi mkekani akianika dagaa wake. Mtu mwembamba mwenye fimbo akasimama langoni. Maximilla alimwona kwanza, nguo ikamdondoka, na yeye mwenye sauti ile yote hakuweza kutoa hata pumzi. Alikwenda tu, akamshika uso kwa mikono yenye maji.

Nicodemus akaangalia nyumba yake juu ya bega la mkewe. Upande wa kulia, kwenye udongo ulioinuka kidogo, mgomba ulikuwa umechipua, majani mapana, ya kijani kibichi, urefu wa mtu.

"Mama," akaita, "mgomba huu kando ya nyumba yangu aliupanda nani?"

Mama Dorca aliinua macho kutoka kwenye dagaa, akamtazama mwanawe, akautazama mgomba, akamtazama tena mwanawe, machozi yakimtiririka.

"Ulikuwa umekushikia nafasi," akasema. "Ingia ule."